Mkunga Utakayemkuta Wodini

Mwanangu Restituta,

Tangu ulipoondoka asubuhi kwenda Bashay kumuaga bibi yako, sijakaa. Nimefagia ua uliokwisha kufagiwa. Nimekwenda kumtazama ndama ambaye hana shida yoyote, nikarudi, nikaenda tena. Sasa nimejilazimisha kukaa mezani, na baba yako yuko nje anacheka peke yake. "Unamwandikia barua mtu atakayekula hapa jioni?" Nimemwambia ashughulike na mpini wa jembe lake aniache.

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitakimbilia kwenye sweta na viatu, na jinsi ya kukaa na watu, na usilale na njaa. Hayo unayajua, na usiyoyajua utajifunza. Nataka kusema jambo moja, nalo kila nikilifungua mdomoni linageuka kuwa hasira. Unanijua mama yako. Nikikosa cha kusema, nagomba.

Juzi, tukimenya viazi, ulisema neno ukacheka. Ulisema mganga mkuu wa hospitali yako mpya kule chini Hanang amekukabidhi wodi ya wazazi, na kwamba anataka uanze kwa kumwondoa mkunga mmoja mzee, mwenye mdomo, asiyeelewana na mtu. Apelekwe zahanati ya mwisho kabisa, ng'ambo ya mashamba ya ngano, akamalizie utumishi wake huko. "Anaitwa Sesilia," ulisema. "Nikianza na huyo, wengine watanyooka wenyewe." Mimi nikatoka nje na kisu mkononi. Ulidhani moshi umeniingia machoni.

Haukuwa moshi. Sesilia namjua, na wewe unamjua, ila hukumjua kwa jina hilo. Ni Mama Bura. Ndiye aliyekuwa akikusuka nywele kwenye ngazi za wodi wakati mimi niko ndani na mzazi, na wewe ukilia kwamba anavuta. Mimi ndiye niliyemwondoa mara ya kwanza. Kesho unapanda lori, na ukifika unaweza kumwondoa mara ya pili. Ndiyo maana sikai, mwanangu.

Ngoja nikuambie ilivyokuwa, maana hapa mjini kila mtu wa umri wangu anaijua habari hii, na ni ajabu kwamba haijakufikia. Labda walikuonea huruma. Labda walinionea mimi.

Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yanapanuka kule bondeni, na palipo na trekta nyingi na wafanyakazi wengi panatakiwa pia zahanati. Wauguzi wetu wakaanza kushuka. Leo mmoja anaaga, mwezi unaofuata mwingine. Kule walikuwa wanapewa nyumba ya bati, unga wa ngano, na lori la kuwafikisha mjini siku ya soko. Hapa tuliwapa ukungu na zamu za usiku mfululizo. Ningekuwa kijana ningeshuka na mimi, sisemi uongo. Mwisho wodi ya wazazi ikabaki na wakunga wawili waliosomea, mimi na Sesilia, pamoja na wahudumu waliojua kufua mashuka na kushika taa.

Uongozi nikapewa mimi. Usidhani nilikuwa bora. Sesilia alinitangulia chuoni, na alikuwa amezalisha wanawake wengi kabla mimi sijajua kushika kitovu. Lakini Sesilia alikuwa na mdomo. Alimwambia metroni mbele ya watu kwamba ratiba yake imepangwa na mtu aliyelala. Mimi nilikuwa najua kusema "ndiyo daktari" kwa sauti nzuri. Basi nikapewa funguo za kabati la dawa, na mkubwa wangu akawa chini yangu. Mbele ya wagonjwa aliniita Sista. Tukiwa wawili aliniita mdogo wangu, na moyoni nilichukia. Eti mdogo wangu! Mimi mwenye funguo!

Nilimpangia zamu za usiku zaidi ya wengine. Hakunung'unika, na hilo nalo likanikera.

Halafu mtoto wake wa mwisho akafa kwa surua. Alikuwa bado ananyonya. Na hapa lazima nikueleze kitu, kwa kuwa wewe umekulia bwenini na mila ya metimani umeisikia tu wazee wakiitaja. Nyumba ya Wairaqw iliyofiwa na mtoto mchanga hujitenga. Mama haendi kisimani na wenzake, hali nao, hashiki mtoto wa mtu, wala mtu hanywi kitu kwake, mpaka wazee waseme imetosha. Hawamchukii. Wanaogopa kwamba msiba ule utavuka kizingiti uingie kwao. Sasa fikiria. Mtu ambaye kazi yake yote ni kupokea watoto wa watu kwa mikono yake miwili.

Sesilia akakaa kwake. Mimi nikabaki peke yangu wodini. Nilikuwa nalala nimesimama, nimeegemea ukuta wa leba, naamshwa na kilio. Mganga mkuu wetu wa wakati ule alitoka mkoa mwingine kabisa, mtu mwema, lakini mambo ya kwetu hakuyajua na hakuna aliyejisumbua kumwambia. Kila asubuhi swali lake ni hilo hilo: "Sista, mkunga wako yuko wapi?" Nilijibu ana msiba. Siku zikaenda. "Sista, msiba gani huu usiokwisha?" Nikaona aibu kumwambia metimani. Niliona nikimweleza atatuona sisi ni washamba, na mimi wa kwanza. Badala ya kumweleza, nikavaa gauni langu jeupe nikaenda kumtoa Sesilia nyumbani.

Aliniona kwa mbali akasimama mlangoni. "Simama hapo hapo, Sista," akasema. "Usije karibu."

"Mimi na wewe tumebatizwa," nikamwambia. "Mambo haya ni ya bibi zetu."

"Mimi nimebatizwa. Wale walioko wodini je?"

"Wakiniona mimi niko pamoja na wewe, watanyamaza."

Alishika mwimo wa mlango. Macho yalikuwa yamevimba, maziwa yalikuwa bado yanamtoka, gauni limelowa kifuani. "Utakuwa pamoja na mimi?" akauliza.

"Nitakuwa pamoja na wewe."

Akaja. Wazee wa kwao walikataa, mume wake alikataa, yeye akaja kwa neno langu. Restituta, ukiwa kiongozi utasema maneno mengi na mengi yatasahaulika. Lakini liko neno ambalo mtu anaacha nyumba yake kwa ajili yake. Hilo huwezi kulisema kama unavyosema "leteni mashuka."

Asubuhi ile akaanza kazi kama alivyozoea. Tulikuwa na desturi wodini, mkunga wa zamu anawachemshia wazazi chai kwenye birika kubwa, anamimina mwenyewe, anampa kila mmoja kitandani, kisha anampa Sista. Akamimina. Wanawake wakapokea vikombe kwa heshima, hakuna aliyekataa, hakuna aliyenywa. Unajua walikuwa wanatazama nini? Walinitazama mimi. Na Sesilia akaja akanipa kikombe changu kwa mikono miwili.

Nilikipokea. Nikakiinua. Na mkono wangu, mwanangu, mkono huu unaoandika, ukakataa. Nilikuwa na mimba ya mdogo wako. Bibi yako alikuwa amenionya tangu utotoni kuhusu vikombe vya namna ile, na ghafla ubatizo wangu wote na cheti changu cha uuguzi sikuviona tena, nilimwona bibi yako tu. Nikakiweka kikombe dirishani. Nikasema, "Ngoja nikamtazame yule wa kitanda cha mwisho." Yule wa kitanda cha mwisho alikuwa amelala usingizi wake mzuri.

Mmoja mmoja wakaviweka vikombe vyao chini. Sesilia akavikusanya vyote, akavimwaga nje, akavisuuza. Nakumbuka jinsi alivyovisuuza taratibu, kikombe kwa kikombe.

Kufikia mchana sababu zikaanza. Huyu mume wake anamwita. Huyu kuna ng'ombe wamepotea. Huyu amejisikia nafuu, uchungu umetulia, atarudi. Watu wa kwetu hawakugombezi usoni, wanakuaga vizuri na kukuachia kitanda kitupu. Jioni wodi ilikuwa na vitanda na sisi. Kati ya walioondoka alikuwepo mwanamke wa kijiji cha Masieda, mtoto wake amekaa vibaya tumboni, na nilikuwa nimemwambia asitoke. Naye alitoka. Walimrudisha baadaye wamembeba kwenye kitanda cha kamba, wanaume wamelowa jasho. Sesilia ndiye aliyemhangaikia. Mama akapona. Mtoto hakupona.

Hapo mganga mkuu akaja amekasirika, na alikuwa na haki. "Wodi hii imekuwaje? Nani amewafukuza wazazi?"

Nilikuwa nimesimama, na Sesilia amesimama pembeni yangu, nguo yake bado ina damu ya yule mama. Ningeweza kusema, nilimtoa kwenye msiba nikamuahidi, kisha nikamuacha. Sentensi fupi tu. Nikasema, "Ni Sesilia, daktari. Ana msiba ambao watu wa huku wanauogopa. Amekuja kazini bila kunieleza."

Bila kunieleza! Nilisema hivyo, kwa sauti ile ile nzuri ya "ndiyo daktari." Sesilia hakunikanusha. Na yule ni mtu wa mdomo, nimekuambia. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Muda si mrefu akahamishwa kwenda bondeni. Wasiojua wakasema ameshuka kufuata unga wa ngano kama wenzake, na mimi nikawaacha waseme.

Baba yako amechungulia dirishani sasa hivi. Amesema, "Unalia au unaandika?" Nimemwambia vyote viwili. Ameondoka bila utani, na si kawaida yake.

Unaniuliza, ilikuwaje baadaye? Nitakuambia. Wazazi walirudi, maana uchungu hausubiri. Nilibaki kiongozi wa wodi ile miaka mingi, nikaongezewa wauguzi, nikasifiwa na wakaguzi. Lakini kitu kimoja hakikurudi. Wahudumu waliacha kuniambia. Dawa ya kuzuia damu ikiisha, nilijua siku ninapoihitaji. Muuguzi akipanga kuhamia mashambani, nilijua siku ya kuaga. Nikiuliza, "Kuna tatizo?" wanajibu, "Hakuna, Sista." Wodi yangu ilikuwa wodi isiyokuwa na tatizo hata moja, na watu walikuwa wanatuponyoka mikononi. Walikuwa wamejifunza kwamba tatizo likifika kwangu, natafuta wa kumbebesha. Nani ataniletea?

Kwa hiyo ukisikia mkuu wako anasema wodi ina mtu mmoja mkorofi, na wengine wote ni watulivu, mimi hao watulivu ndio wananitisha. Wameshaona nini hata wakatulia hivyo? Sijui. Nenda ukaangalie. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nakuambia methali hiyo aliitunga mkuu mwenyewe.

Sikuambii Sesilia ni malaika. Mungu wangu, hapana! Atakujibu mbele ya watu. Atakuita mtoto. Atapinga ratiba yako kabla hujaibandika, na siku nyingine atakuwa amekosea yeye na bado hatakubali. Nimesikia kwamba anawafokea wauguzi vijana mpaka wanaomba uhamisho, na kama ni kweli hilo ni kosa, na wodi yenye watu wachache haiwezi kulibeba. Pengine mganga mkuu wako anaona vizuri. Pengine kweli ahame.

Hapana. Nimeandika hivyo kwa kujifanya mwadilifu. Nataka abaki. Nataka abaki kwa ajili yangu, nipate kulala, na hiyo si sababu ya kumpa kiongozi. Unaona? Hata leo mkono haujanyooka. Usinisikilize kuhusu abaki au ahame. Hilo ni lako, tena ulipime ukiwa wodini umesimama kwa miguu yako, si kwenye viazi vyangu.

Nilijaribu kumfuata, mara moja. Nilipanda lori lililokuwa linarudi mashambani, nikashuka karibu na hospitali yenyewe unayoiendea. Ngano ilikuwa imeiva, upande huu mpaka upande ule, na njia ya watu ilizunguka shamba lote. Nilimwona kwa mbali. Alikuwa amekwenda kuwapokea wanawake wawili wa Kimang'ati, wamevaa sketi zao za ngozi, mmoja ameshika kiuno, wamechoka kwa mzunguko ule. Sesilia alikuwa anawafokea kwa nini wamechelewa, na huku amempa yule mjamzito bega lake aegemee. Yule mwanamke alikuwa anacheka katikati ya uchungu. Wamang'ati wana mila zao za msiba, lakini yale ya kwetu hawayajui, na kwao alikuwa mkunga tu. Nilisimama pale nikasema moyoni, nikimwita sasa, nitamrudisha kwenye yale. Nikajiambia namhurumia. Kumbe nilikuwa naogopa. Nikarudi na lori lile lile, na baba yako aliponiuliza nimeleta nini, nikamwambia vumbi.

Basi wewe unakwenda ambako mimi nilishindwa kuvuka hatua za mwisho. Naona fahari, wallai naona, na hofu pia kwa wakati mmoja. Umri wako ni mdogo kwa kazi hiyo. Wanakupa kwa sababu ile ile niliyopewa mimi, waliobaki ni wachache na wewe unasema vizuri. Usiwakatalie kwa hilo. Ila siku wodi ikiharibika, na itaharibika, mwanangu, maana huwezi kugawa wakunga wachache kwa wazazi wengi na hesabu ikatoka, mkuu atakuja mlangoni amekasirika aulize nani. Utakuwa na nafasi ndogo sana ya kujibu. Mimi sikufundishwa chuoni kwamba nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ratiba hata mtu mwingine angeiandika.

Na kama ukiona huwezi kusema "ni mimi," rudi nyumbani. Sitakuuliza kitu. Kuna mashamba ya kulima na kuna mama yako wa kugombana naye.

Nimeomba nini basi, katika maneno yote haya? Sijakuomba umtetee. Usimpelekee salamu zangu wala usimwambie nimejuta. Kujuta kwangu nitampelekea mwenyewe, lori la mwisho wa mwezi, nimeshazungumza na dereva, na safari hii nitashuka nitembee mpaka alipo. Baba yako bado hajui. Usimwambie, atataka kuja.

Ila wewe utafika kabla yangu, na atakutazama uso, na uso wako ni wangu. Usimwache akajiuliza. Kabla hujagusa ratiba, kabla hujamjibu mganga mkuu ndiyo au hapana, mtafute akiwa peke yake. Mpe shikamoo yake kamili, umepiga goti, kama mtoto kwa mkubwa wake, si kama Sista kwa mkunga. Umwambie wewe ni mtoto wa Martina. Usiongeze kitu.

Akiitikia marahaba, kaa chini umsikilize. Asipoitikia, ujue marahaba hiyo amenyimwa Martina, si wewe. Kaa chini vilevile.

Mama yako